Mazimwi Yenye Meno Mazuri

Mimi nauza vifungo. Vifungo, zipu, lastiki, sindano za cherehani na uzi wa kila rangi, katika fremu moja nyembamba Kariakoo ambamo watu wawili wanene hawawezi kupishana. Hiyo ndiyo kazi inayonilisha. Ile nyingine, inayofanya watu wasionijua wanipigie simu kutoka Arusha na Mombasa, ni kukagua visanamu.

Nieleze, maana hata ndugu zangu wa damu hawajaelewa mpaka leo. Kuna mchezo wa vita unaochezwa mezani. Kila mtu ana jeshi lake la visanamu, kila kimoja na urefu wa kidole gumba: askari wa mikuki, wachawi, majoka, mifupa inayotembea, mazimwi. Mnayapanga majeshi, mnapima kwa futi nani anaweza kumfikia nani, mnarusha dadu, na mwenye bahati anamwondoa wa mwenzake. Ila visanamu havinunuliwi vikiwa tayari. Vinakuja vya kijivu, vingine vipandevipande, na wewe unakata, unagundisha, unapaka rangi. Tukisema kweli, wengi wetu hata huo mchezo hatuuchezi sana. Tunapenda kupaka.

Seti mpya ikitoka huko nje, naiagiza. Inakuja na zipu zangu, katoni moja, wakala mmoja wa mizigo, na wapagazi wanaibwaga mlangoni bila kujua kwamba chini ya zipu kuna jeshi. Nakaa nyuma ya duka, nawasha simu, nafungua boksi na kusema ninachokiona. Sina maneno ya kupamba. Naangalia mstari wa kalibu, ule mshono unaobaki pale pande mbili za umbo zilipokutana. Ukipita mgongoni, unaukwangua yakaisha. Ukipita usoni, sura imeharibika. Natafuta vitobo vya hewa. Naangalia kama mikunjo ya nguo ina kina cha kushika rangi nyepesi, kwa sababu rangi nyepesi ndiyo inayoleta vivuli, na pasipo na kina inateleza tu, kisanamu kinabaki kama sabuni iliyotumika. Mwisho nakiangusha sakafuni kutoka usawa wa meza. Watengenezaji hawapendi hilo, lakini watu wangu wana watoto na wana paka, na kisanamu kitaanguka siku moja. Afadhali kianguke kwangu kwanza.

Na kuhusu rangi ndiyo usiniguse. Hao wa Ulaya wanaandika kwenye kopo: puliza nje, mahali penye hewa kavu. Hewa kavu Dar es Salaam utaitoa wapi? Ukipuliza andakoti, ile rangi ya chini ya kwanza, wakati wa masika, inatua ikiwa imeshika unga, kisanamu kinaonekana kama kimetoka kukoboa mahindi. Nimelisema hilo kwenye video nyingi mpaka mke wangu analijua kwa moyo. Ukiniuliza dawa yake, nitakwambia acha kopo, paka kwa brashi, taratibu, tabaka mbili nyembamba. Wanaobisha waje tubishane. Mimi ni Mpare, na Mpare haogopi kesi.

Hapo ndipo anapoingia mtani wangu.

Kwa asiyejua, Wapare na Wachaga ni watani. Tunapakana kule Kilimanjaro, tuligombana zamani, na wazee wakaumaliza ugomvi kwa kuugeuza maneno. Mtani anaweza kukutukana mbele ya watu ukweni kwako na wewe ukacheka. Ukinuna, mwenye kosa ni wewe. Basi huyu mama wa Kichaga, tuliyelingana naye umri, alikuwa fundi wa maabara ya meno. Daktari akishakutoboa na kukupima, kalibu ya mdomo wako inapelekwa kwa mtu kama yeye, ambaye hujawahi kumwona, naye anakaa na nta na vichokoo vyake anachonga jino ambalo litakuwa lako. Mimi nilikwenda kwenye zahanati iliyopakana na maabara yake, kwa jino la pembeni nililolivunja kwa kutafuna bisi. Nilikaa kwenye benchi na zimwi la plastiki mkononi, nikilikwangua mshono ili muda upite. Akatoka nje kuvuta hewa, akaniona, akalichukua bila kuomba, akaligeuza juu chini.

"Huyu aliyemchonga hajawahi kuona mdomo," akasema. "Meno ya juu hayakutani na ya chini. Atakulaje mtu?"

Nikamwambia hilo ni zimwi, halihitaji cheti cha daktari. Akauliza kabila langu. Nilipomwambia, akawageukia wagonjwa wengine kwenye benchi, akawaambia waangalie vizuri, huyu jamaa jino likimuuma tena hatarudi hapa, atakwenda mahakamani. Tukawa watani rasmi kuanzia siku ile.

Kumbe alikuwa amependa. Alianza kuja dukani akitoka kazini, anatoa visanamu kwenye maboksi yangu, anaviangalia kwa ile lenzi yake ya kuvaa kichwani, anavisema. Jumapili alasiri tulikuwa na kijiwe chetu, ghorofani juu ya duka, kwenye chumba cha fundi cherehani ambaye siku hiyo hafanyi kazi. Wanakuja walimu, wanafunzi wa chuo, na dada mmoja mwoka keki ambaye ana mkono mzuri wa brashi kuliko sisi sote. Mtani naye akawa anakuja. Hapaki. Anakaa pembeni na kipande cha nta, anachonga huku ananisema mimi.

Halafu kazi ikaanza kumkimbia. Zahanati zikawa zinapeleka kalibu zao kwenye mashine, jino linatoka limeshachongwa, fundi wa mkono anaitwa kwa lile gumu tu. Akaona mwisho wake unakuja akiwa bado ana nguvu. Akasema, basi, nitachonga mazimwi. Hakuna mtu mwingine mjini hapa anayetengeneza visanamu vya mchezo huu kuanzia mwanzo, na vya nje vikija vinachelewa na kodi inavila. Kaka yake mkubwa anauza mabegi ya shule kwa jumla, mtaa wa pili kutoka kwangu, na nyuma ya duka lake kuna chumba. Akampa. Hakumpa hivihivi, Mchaga huyo. Akamwambia: tengeneza seti moja, mpelekee yule Mpare wenu mnayemsikiliza, akisema zinafaa, chumba ni chako. Akisema hazifai, naweka mabegi, na wewe utasimama kaunta unisaidie kuuza.

Alinieleza hayo mwenyewe, akicheka, siku aliyoniletea boksi. Hakuniomba kitu. Aliniambia tu nifanye kama ninavyofanya siku zote, akaondoka akiniachia maneno yake ya kawaida kuhusu duka langu, kwamba hata panya wanaingia na chakula chao kutoka nyumbani.

Nilifungua boksi lile bila kuwasha simu kwanza. Jambo hilo silifanyi, nataka mkono wangu na macho ya watu vikutane na kitu kwa wakati mmoja. Lakini huyu alikuwa mtani wangu na nilikuwa na hofu.

Yalikuwa mazimwi, kundi zima, makubwa yenye matumbo na migongo iliyopinda. Nilichoona kwanza ni ngozi. Alikuwa ameichonga ngozi ile mpaka vinyweleo, na mikunjo ya tumbo ina kina ambacho rangi nyepesi ingetulia yenyewe bila kusukumwa. Kucha za miguu zilikuwa kucha kweli. Nikasema moyoni, mama huyu ametuweza.

Nikatazama usoni. Kila zimwi lilikuwa limefungua mdomo, na ndani ya kila mdomo mlikuwa na meno mazuri kuliko ya kwangu na yako. Yamenyooka, yamelingana, juu na chini yanakutana sawasawa. Maisha yake yote alikuwa amelipwa ili jino lisionekane baya, na mkono wake haukujua kufanya lingine. Yale hayakuwa mazimwi ya kula watu. Yalikuwa watu wazima waliotoka kuweka meno, wamekaa na midomo wazi wakisubiri daktari aseme asante unaweza kwenda.

Hilo lingevumilika, hata lingependwa. Kilichonikata maini ni mapanga. Alikuwa ameyachonga membamba kama anavyochonga kila kitu, kwa ustadi wa mtu anayefanya kazi ndani ya mdomo, ambako kitu kinene kinamkera mgonjwa. Nikaliangusha la kwanza, panga likakatika kwenye kiganja. La pili hivyohivyo. La tatu lilikatika panga pamoja na kifundo cha mguu. Nikaacha kuangusha.

Nilijua la kusema. Ningekuwa nimeletewa na kampuni ya nje ningesema bila kupepesa macho: umbo zuri, malighafi mbaya kwa wembamba huu, msinunue mpaka warekebishe. Lakini nilikuwa namwona kwenye kaunta ya kaka yake, akishusha mabegi yenye picha za katuni, yeye ambaye mikono yake imejaza meno midomo ya nusu ya mji huu. Nilimwonea huruma. Nasema wazi, ilikuwa huruma tupu, na nilijiona mtu mwema kwa kuwa nayo.

Nikawasha simu, nikarekodi. Sikuangusha kisanamu hata kimoja. Nilizungumza kwa sauti ile ya kutoa shukrani kwenye harusi. Nikasema ni kazi ya kupongezwa, ni jitihada kubwa ya fundi wetu wa nyumbani, ngozi imechongwa kwa umahiri, wapakaji watafurahi, tumuunge mkono. Sikumtania hata neno moja. Nikaipeleka video hewani, nikafunga duka nikaenda zangu kula.

Watu wangu walishangaa. Mwoka keki alinitumia ujumbe akiuliza kama naumwa. Lakini wengi waliamini, na baadhi yao wakaanza kuagiza. Kaka mtu naye aliitazama ile video, akamwambia dada yake: amesifia, basi kaa. Kwa hiyo mambo yalikuwa yamekwenda nilivyotaka, na nilingojea mtani aje dukani kunitukana kwa furaha. Hakuja. Kesho yake hakuja, na kesho kutwa hakuja. Nikafunga nikamfuata dukani kwa kaka yake.

Alikuwa mbele, kwenye mabegi, kaka yake ametoka kidogo naye anamshikia duka. Aliponiona akasimama.

"Shikamoo, kaka," akasema.

Karibu nijibu marahaba kwa mazoea. Tumelingana umri na huyu mtu, na tangu tujuane salamu yake ilikuwa kuniuliza kama bado sijafungwa. Nikamuuliza ni mchezo gani huo.

"Si mchezo. Umeniheshimu, na mimi nakuheshimu. Karibu, nikupe kiti?"

"Mtani, acha mambo yako."

"Mtani wako nani? Mtani wangu ninayemjua angeniambia yale mazimwi yamekuja kufanya nini. Nimeitazama ile video mpaka mwisho nikingoja tusi. Hakuna. Umenisema vizuri kama unavyomsema mtu usiyemjua. Ilipokwisha nikajua hazifai. Nikachukua moja nikalisukuma mezani, panga likakatika. Uliona?"

Nikamwambia niliona.

Sikunyenyekea, nisije nikajisifu. Nilikasirika. Nikamwambia chumba amekipata au hajakipata? Nimemwokoa na kaunta hii anayosimama, na badala ya asante ananisomea mashitaka. Nikamwambia awe na shukrani, wako watu wangelipa niseme hivyo. Maneno yalinitoka, na mpita njia mmoja alisimama kusikiliza, maana Kariakoo watu wakigombana hapakosi mtazamaji.

Aliniacha nimalize. Kisha akanikumbusha msiba wa mama yangu.

Mama tulimzika kwetu, milimani Upare. Mtani alisafiri na basi la waombolezaji kutoka Dar, na jeneza lilipofika kaburini akakaa ukingoni, miguu amening'iniza ndani, akasema huyu bibi hashuki mpaka yeye apewe kuku, kwa sababu bibi huyu wa Kipare alikuwa akishitaki hata mvua ikinyesha upande wa jirani kwanza. Watu wote pale kaburini walicheka. Mimi nilicheka mpaka nikalia, na ndiyo mara ya kwanza wiki ile pumzi ilishuka vizuri kifuani. Hiyo ni kazi ya watani kwenye msiba, na kila mtu wa kwetu anaijua. Wanakuonyesha kwamba marehemu bado ni mtu wa kuzungumza naye.

"Hata maiti anataniwa," akasema. "Mimi niko hai, mtani, na umeniacha."

Mimi ambaye nina jibu la kila kitu, nilishika begi moja la shule nikawa nafungua zipu na kufunga.

Akaniambia mengine, sasa kwa sauti ya kawaida. Watu wameagiza. Akiwatumia mazimwi yale, yatafika yamekatika mapanga, na hakuna mteja atakayerudi mara ya pili, wala hatakuwa na sababu. Mficha uchi hazai, akasema. Anataka nirudie ukaguzi, Jumapili, kijiweni, mbele ya kila mtu na yeye akiwepo, kama ninavyofanya siku zote. Nikamuuliza na chumba je? Akasema chumba ni cha kaka yake, si changu. Nimwachie mwenyewe.

Jumapili chumba cha fundi cherehani kilijaa. Mtani alikuja amevaa kitenge kizuri, akakaa mbele kabisa. Kaka yake naye alikuja, jambo ambalo sikulitegemea, akasimama mlangoni na funguo za duka mkononi. Nikasimamisha simu juu ya kopo la vifungo, nikaanza.

Nikasema: ndugu watazamaji, wiki hii nilikuwa nimerogwa na Wachaga, sasa nimepona. Nikalishika zimwi la kwanza. Nikasema hili linakula watu, lakini kwa jinsi ninavyoona linapiga mswaki asubuhi na jioni, na likimaliza kukutafuna litakushauri upunguze sukari. Nikasema hili la pili limefungua mdomo si kwa hasira, limeambiwa sema aaa. Nikasema ukipanga jeshi hili mezani adui hatakimbia, atachukua namba akae kwenye foleni. Walicheka, mwoka keki alijifuta machozi, na mtani alicheka kuliko wote, huku akinijibu palepale kwamba zimwi nililopaka mimi mwaka jana lilikuwa na macho ya mtu aliyetoka kwenye pombe ya msibani. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, akawaambia watu, huyu Mpare mwacheni amalize.

Nikamaliza. Nikaangusha. Panga la kwanza likakatika, la pili likakatika, na watu wakaacha kucheka polepole, kwa sababu sasa walikuwa wanaona. Nikaeleza bila utani: panga liwe nene maradufu, kifundo cha mguu kiungane na kitako, kile kibao cha chini ambacho zimwi linasimama juu yake, kiganja na mpini vimiminwe pamoja kwenye kalibu. Nikaeleza ngozi, na hapo nilisifu kwa moyo wangu wote, na safari hii ilisikika kuwa ni sifa. Nikasema walioagiza wasubiri. Nikasema mtu aliyechonga tumbo hili akishapata panga lake, sisi tunaoagiza nje tutafunga midomo.

"Kwa hiyo hazifai," akasema kaka mtu kutoka mlangoni.

Nikamwambia hizi, kama zilivyo, hazifai.

"Juzi zilifaa."

"Juzi nilisema uongo."

Alitikisa kichwa. Si mtu mbaya yule, ni mfanyabiashara, na mfanyabiashara ukimpa maneno mawili tofauti kwa kitu kimoja atashika lile baya. Akamgeukia dada yake, akamwambia kwa Kiswahili cha wote, bila kujificha kwenye lugha yao, kwamba mzigo wa mabegi unaingia, chumba anakihitaji kuanzia Jumatatu, na asichukie, walikubaliana. Dada akamwambia hachukii. Mimi nikatamani ardhi inimeze. Nilikuwa nimempa chumba kwa uongo na kumnyang'anya kwa ukweli, vyote ndani ya wiki moja.

Ndipo mtani akasimama, akarekebisha kitenge chake, akawauliza watu kama wote wamesikia nilivyomtukana. Wakasema wamesikia. Akawauliza kama wako Wapare wengine humu, akapata mmoja, mwalimu wa hesabu, akamwambia awe shahidi. Mimi nilikuwa sijaelewa. Mwalimu alielewa kabla yangu, akaanza kucheka.

Kuna kitu sijakisema kuhusu utani. Mtani aliyetukanwa hadharani ana haki ya kuchukua kitu chako. Kuku, kofia, mwavuli, anachokiona kwako kikampendeza. Anakichukua mchana kweupe na wewe huna pa kulalamika, si kwa mwenyekiti wa mtaa wala mahakamani. Sisi Wapare, hicho ndicho kipengele cha utani kinachotuumiza.

"Nachukua nyuma ya duka lake," akasema.

Anayejua fremu za Kariakoo anajua hilo lilikuwa tusi kubwa kuliko yangu yote. Watu wanarithishana hatua mbili za sakafu pale. Nikabisha, bila shaka. Nikasema zipu zangu nitaziweka wapi, nikasema fremu nimepanga si yangu, nikasema moshi wa nta utanata kwenye lastiki. Mwalimu wa hesabu akaniambia, ndugu yangu, kesi huna. Nilikuwa nimefurahi kiasi kwamba ilibidi niendelee kubisha ili sauti isinigeuke.

Jumatatu akaja na mkokoteni, kalibu zake, vichokoo na taa ya spiriti. Zipu zangu zikapanda darini. Zile kalibu za mazimwi ya kwanza akazikata kwa wembe mbele yangu, moja baada ya nyingine, akazitupa kwenye gunia la taka. Kisha akakaa akachukua nta, na kutwa nzima nilikuwa nauza vifungo huku nikimsikia anakwangua. Jioni akaniita. Alikuwa ameshika zimwi jipya, bado la nta, halijaingia kalibu yoyote.

"Sema," akasema.

Nikalichukua, nikaligeuza. Nikamwambia mguu wa kushoto umekonda, litaanguka. Akalichukua mkononi mwangu, akalisogeza kwenye taa, mguu ukayeyuka, akaanza upya.